Mama Robert katika safari za mumewe

Watoto wetu shuleni hujifunza habari za Daktari David Livingstone, na sisi wa Rukwa tunayo sababu ya kumkumbuka, kwa maana mwaka 1872, katika safari yake ya mwisho, alipita nchi ya Wafipa kando ya Ziwa Tanganyika akielekea kusini. Lakini waulizeni watoto hao kama alikuwa na mke. Wengi watanyamaza. Mwezi huu tumeona tuzungumze juu ya mke huyo, kwa sababu alisafiri na mumewe mamia ya kilomita akiwa mjamzito, tena mara mbili, na sisi tunaokaa hapa Muze tunawapokea akina mama wa namna hiyo kila mwaka.

Jina lake Mary Moffat. Alizaliwa mwaka 1821 huko Griquatown, Afrika Kusini, binti wa wamisionari wa Kuruman. Aliolewa mwaka 1845. Alikulia Afrika, akasema Kitswana tangu utoto, na nyumbani kwake Kolobeng, katika Botswana ya leo, alioka mkate, akatengeneza sabuni na mishumaa kwa mikono yake. Watu wa huko walimwita Ma-Robert, kwa jina la kifungua mimba wake, kama nasi tunavyoitana.

Mwezi wa Aprili 1850 waliondoka Kolobeng na gari la kukokotwa na maksai kuvuka jangwa la Kalahari kwenda Ziwa Ngami. Walikuwa na watoto watatu, mkubwa ana miaka 4, mdogo mwaka 1 tu, na mama ana mimba. Ziwani walifika, lakini watoto wakashikwa na homa ikabidi kurudi. Mwezi wa Agosti Mary akajifungua mtoto wa kike, Elizabeth. Baada ya wiki kama 6 hivi mtoto huyo akafa, na mama mwenyewe akapooza upande mmoja wa uso.

Aprili 1851 wakaondoka tena, njia ile ile ya jangwani, watoto watatu, na mimba nyingine. Mama mzazi wa Mary alimwandikia mkwewe barua kali, akamkumbusha kitoto kilichokwisha kuzikwa. Safari haikuahirishwa. Njiani maji yaliwaishia, watoto wakawa wanalia kiu, na ilipita karibu siku 4 kabla ya kuyapata. Walipofika penye mito, mbu waliwauma watoto usiku mmoja tu hata baba yao akaandika kwamba hakuona kipande kizima cha ngozi miilini mwao. Tarehe 15 Septemba, kando ya mto Zouga, Mary akajifungua mtoto wa kiume. Mkunga, hapana. Nyumba, hapana.

Sisi hatusemi kwamba Daktari Livingstone alikuwa mtu mbaya, wala hatusemi kwamba Mary alibebwa kama mzigo. Bila mikono yake safari zile zingekwama mapema. Tunachokiona, kwa jicho la uuguzi, ni hesabu ya safari. Mvua ilihesabiwa, maji yalihesabiwa, nguvu za maksai zilihesabiwa. Miezi ya mimba haikuonekana kubadilisha tarehe ya kuondoka.

Kuna na jambo la pili. Kuruman ni nchi ya juu na kavu, homa ya malaria si ya kwao. Mto Zouga na Ziwa Ngami zilikuwa nchi za mbu. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba mbu ndiye anayeleta malaria. Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 1897. Sisi tunajua. Na tazameni ilivyo kwetu: Sumbawanga ni juu, kuna baridi, mbu ni wachache. Muze tuko bondeni, chini ya milima ya Mbizi, joto la Ziwa Rukwa, mbu tele. Mama aliyekulia juu, akashuka huku kumfuata mumewe kwenye mashamba ya mpunga au kambi za uvuvi, mwili wake haujazoea malaria yetu, na mimba humpunguzia hata kinga ndogo aliyo nayo, hasa mimba ya kwanza. Huyo akipata homa, huishiwa damu upesi, na mtoto huweza kutoka kabla ya wakati au kuzaliwa na uzito mdogo. Twaona mume ameuliza bei ya mpunga, ameuliza shamba, ameuliza na nauli. Tarehe ya kujifungua hakuiuliza.

Basi, akina mama, mkishaamua kusafiri, njooni kliniki kwanza, nyote wawili. Tuelezeni mnakwenda wapi na mtakaa muda gani. Chandarua chenye dawa kiwe juu ya mizigo, si chini kabisa ndani ya gunia, maana usiku wa kwanza ndio mtakaokihitaji. Dawa ya SP ya kinga hutolewa baada ya miezi 3 ya kwanza ya mimba, kila dozi ikipishana na nyingine kwa mwezi mmoja au zaidi. Aliye kwenye dawa ya kotrimoksazoli asiitumie. Kadi ya kliniki aibebe mama mwenyewe, kwa kuwa mizigo hupakiwa gari moja na watu jingine. Na homa ikianza safarini, msingoje kufika: teremkeni kwenye zahanati iliyo karibu mkapimwe. Kutokwa damu, kichwa kuuma sana, uso kuvimba, au mtoto kutulia tumboni, hayo nayo hayangoji.

Mwaka 1852 Mary alipandishwa meli Cape Town na watoto wanne kwenda Uingereza, naye mumewe akarudi bara. Alikaa huko zaidi ya miaka 4 kwa shida ya fedha, na waandishi wa maisha yake wanasema alianza kutafuta faraja katika pombe. Mwaka 1858 walikuja pamoja kwa safari ya mto Zambezi, ikaonekana ana mimba, akaachwa Cape. Boti ya safari ile iliitwa Ma Robert, kwa heshima yake, lakini hakuwahi kusafiri nayo mtoni. Ilizama mwaka 1860. Alimfikia mumewe mwanzoni mwa 1862. Miezi mitatu haikutimia, homa ikamwua huko Shupanga, Msumbiji, tarehe 27 Aprili, akiwa na miaka 41, akazikwa chini ya mbuyu. Mtoto wake wa mwisho, Anna Mary, alikuwa Uskoti, hajatimiza miaka 4, na baba yake alikuwa bado hajamwona.