Vijiti Vinavyoruka Si Muziki

Panda matatu yenye skrini kutoka Changamwe kwenda mjini, utaviona: vijiti vya rangi vinapanda na kushuka chini ya kava ya wimbo, na katikati kuna duara linatetemeka kama lina homa. Ati hiyo ndiyo video. Leo rege, kesho taarabu, keshokutwa kaswida. Vijiti ni vilevile. Mimi kazi yangu ni hii hii ya kuupa muziki picha kwa kompyuta, na nasema huo ni uvivu unaouzwa kwa bei ya ufundi.

Tuelewane kwanza programu inafanya nini. Inachukua sauti, inaigawa kuanzia nzito hadi nyembamba, kisha inapima kila sehemu ina nguvu kiasi gani. Sehemu moja, kijiti kimoja. Basi. Inajua kelele, haijui wimbo.

Sasa iwekee Zein l'Abdin. Udi ukiwa peke yake, taratibu, msikilizaji kashika pumzi, vijiti vinalala. Pale penye utamu ndipo skrini inasema hakuna kitu. Weka chakacha, yenye mapigo yake sita, juu ya templeti iliyopangwa kwa mapigo manne: kiuno kinaenda huku, taa zinaenda kule.

Najua jibu: "Bro, mteja hana pesa na anataka leo jioni." Sawa. Lakini mteja huyo kaungaunga hela za studio ili akumbukwe. Ukimpa sura ya kila mtu, umemuuzia kusahaulika.

Wala usiniambie habari ya vifaa. Oskar Fischinger, Mjerumani, alichora kwa mkaa, karatasi baada ya karatasi, akifuatisha sahani za santuri, kabla hajahamia Marekani mwaka 1936. Laptopu hakuwa nayo. Sisi tuna Blender, tena ya bure, inayoweza kugeuza sauti kuwa mwendo wa kitu chochote ulichochora. Chochote! Mbona tuchague kijiti?

Kanga tunayo. Ina pindo, ina mji, ina jina. Ngoma nzito iliendeshe pindo, sauti ya mwimbaji ipumue kwenye mji, maneno yatokee kwenye jina. Udi ukibaki peke yake, zima vyote, acha uzi mmoja ucheze. Uamuzi huo programu haikufanyii. Sharti usikilize wimbo mara tatu, mara nne, kabla ya kugusa mausi.

Na wewe msanii, usikubali tu kwa sababu kitu kinang'aa. Kabla ya kumaliza deni, muulize fundi swali moja: "Hapa kwenye ubeti wa pili, picha imebadilika kwa nini?" Akikosa jibu, wimbo wako hakuusikiliza. Mrudishie kazi yake.