Ugavi Bila Mgao: Nyama Choma ya Kitengela na Mfugaji wa Kajiado

Wataalamu wa biashara wametupa istilahi "ugavi endelevu", wakimaanisha kwamba hoteli haina budi kuangalia bidhaa zake zimetoka wapi, zimezalishwa vipi, na iwapo zitapatikana kesho. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunalo la kuongeza. Nomino "ugavi" imenyambuliwa kutokana na kitenzi "gawa". Mnyororo usiomgawia mzalishaji haustahili jina hilo.

Kitengela ni kielelezo mwafaka. Mji huu wa barabara ya Namanga una hoteli nyingi za nyama choma, nao mnada wa mifugo wa Bissil umo katika kaunti iyo hiyo ya Kajiado. Hata hivyo, baina ya mfugaji na mlaji husimama madalali, kila mmoja akikata fungu lake. Aidha, ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa kuwa mashamba ya watu binafsi mwaka wa 1988; ardhi ikauzwa, nyua zikajengwa, malisho yakapungua. Misimu mitano ya mvua ilipokosa kufanikiwa mfululizo, tangu mwishoni mwa 2020 hadi 2022, mifugo mingi iliangamia. Wahenga walinena: mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Mji ulikula na mfugaji. Hasara aliibeba peke yake.

Wapo watakaodai kuwa mteja hujali bei tu. Hoja hiyo ina uzito, lakini ni ya leo pekee: malisho yakiisha, nyama itatoka mbali na bei itapanda. Inafaa basi hoteli zinunue kupitia vyama vya ushirika vya wafugaji, zilipe kwa wakati, na zinunue kabla ukame haujawakondesha ng'ombe. Kiwanda cha nyama cha KMC, kilichofunguliwa upya mwaka wa 2006 huko Athi River, ki jirani.

Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi katika ibara ya 7, na katika ibara ya 46 inampa mlaji haki ya kupata habari kuhusu bidhaa. Kwa hivyo, mikataba hiyo iandikwe kwa Kiswahili na Kimaasai, na orodha ya vyakula ieleze nyama ilikotoka. Nani ataiandika, ndugu msomaji, ikiwa si sisi? Istilahi zikibaki vitabuni, mfugaji atauza ng'ombe wake bila kuyaelewa masharti.