Hiyo Orodha Yenu ya Maneno Haitatusaidia

Wasee, 2027 inabisha, na naona tu vile itaenda. Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano, hii tunaita NCIC, itatutolea tena orodha ya maneno ya chuki. 2022 walitoa moja. "Madoadoa" ndani. "Kwekwe" ndani. Hata "hatupangwingwi" ndani, neno lililotoka kwa ngoma ya Exray kabla wanasiasa walidandie.

Mimi nasema hiyo ni kazi ya bure. Kitu kinachofanya watu wahame mtaani usiku si neno. Ni swali lililoulizwa mahali halikuwa na kazi.

Chukua mama wa mandazi hapa Kawangware. Imebaki mwezi mmoja tupige kura. Mwenye ploti anapita, kodi imelipwa, hakuna deni. "Mama, kwani kwenu ni wapi?" Butere. "Aah, huko ni kuzuri, mashamba ni makubwa. Utaenda kupumzika lini?" Anacheka, anaenda zake.

Haya, tafuteni hapo neno la kwenye orodha. Hakuna. Lakini mama amekaa kwa hiyo ploti miaka sita, na huyo mzee anajua kwao ni wapi. Hajawahi kujali kama amechoka ama hajachoka. Sasa mbona anauliza kitu anachojua, na shamba limeingiaje kwa stori ya mandazi? Mama hahitaji kuelezewa. Usiku huo anafunga godoro.

Mwanafalsafa Mwingereza, Paul Grice, aliifundisha hii kitu pale Harvard mwaka 1967. Tukiongea tunatarajiana: sema unachoamini ni kweli, usizidishe wala usipunguze, usitoke nje ya stori, eleweka. Mtu akivunja moja waziwazi, hatusemi amechanganyikiwa. Tunajiuliza, anataka nielewe nini? Watu wa Pwani na mafumbo ya kanga zao watawacheka mkiwaambia hii ni habari mpya. Na si ubaya kila wakati. Ukiomba unga wa deni Kibera na mama wa duka akujibu, "Eish, leo jua ni kali," umenyimwa bila kuaibishwa mbele ya watu. Hiyo ni heshima kabisa.

Shida ni kwamba mlango huohuo ndio mchochezi anatorokea. Januari 2022, Mithika Linturi, wakati huo seneta wa Meru, alikamatwa baada ya kusema "madoadoa" kwenye mkutano Eldoret. Akasema hakulenga jamii yoyote. Na hilo ni neno ambalo kila Mkenya anajua historia yake Bonde la Ufa! Kama hilo lina mlango wa nyuma, "utaenda kupumzika lini" je?

Kwenye ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 soko la Toi lilichomwa na reli ikang'olewa hapa Kibera. Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio, Kawangware ikawaka. Mnadhani waliokimbia walingoja kwanza kusikia tusi?

Na kinachoniudhi zaidi, sheria yenyewe ina akili kuliko orodha. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 kinataka tuangalie hali zote: je, chuki ya kikabila inaweza kuchochewa? Hali zote, jameni. Nani alisema, kwa nani, wiki gani, na alikuwa na sababu gani ya kuuliza. Orodha inatupa hayo yote inabaki na neno kavu. Ndiyo maana ni rahisi kumsumbua kijana aliyeposti wimbo, na mwenye ploti analala usingizi.

Mtasema korti inataka ushahidi, haiwezi kufunga mtu kwa kuuliza habari za shamba. Sawa, swali moja halifungi mtu. Lakini wapangaji kumi wa kabila moja wakiulizwa swali hilo wiki moja, na wale wengine wa ploti hiyohiyo hawajaulizwa, huo si ushahidi? Nani anaandika hayo? Wazee wa Nyumba Kumi wako, chifu yuko, na nyinyi mna ofisi na bajeti. Kujeni Gatina na Laini Saba sasa, mkae kwa benchi za vibanda, muulize watu wameulizwa nini.

Na mkija, mtu akiwaambia "sisi tuko tu," msiandike kwamba hakuna shida.