Mali Bila Daftari: Mti wa Shimba Hills na Dawa ya Saratani

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mfanyabiashara asiyeweka hesabu zake. Hata hivyo, ipo mali nyingine ambayo imekosa daftari kwa muda mrefu, nayo ni ujuzi wa mitishamba. Kila mzee mwenye ujuzi huo anapozikwa, sehemu ya ujuzi huzikwa pamoja naye. Wakati huo huo, saratani haichagui nyumba ya tajiri wala ya maskini, na mgonjwa hujikuta katika njia panda: huku hospitali yenye gharama zinazomshinda, kule mganga mwenye kibuyu na ahadi. Wengi huuliza iwapo mitishamba inaweza kweli kupambana na saratani. Swali hilo limekwisha kujibiwa, na sehemu ya jibu lake ilikatwa katika vichaka vya Kwale.

Katika miaka ya 1970, Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilikusanya zaidi ya tani 27 za mmea ujulikanao kitaalamu kama Maytenus buchananii kutoka katika hifadhi ya Shimba Hills. Taasisi hiyo ilikuwa ikiendesha mpango mkubwa ulioanza mwaka 1960 na kudumu hadi 1982, ambapo takriban sampuli 35,000 za mimea zilichunguzwa ili kutafuta dawa ya saratani. Mwaka 1972, mwanakemia S. Morris Kupchan na wenzake walikuwa wametangaza kwamba wamepata kemikali iitwayo maytansini katika mmea wa jamii hiyo hiyo uliotoka Ethiopia. Kemikali yenyewe ilikuwa adimu mno. Kilo moja ya mmea ule wa Ethiopia ilitoa takriban miligramu 0.2, yaani gunia zima la kilo 50 lingetoa uzito usiofikia punje moja ya mchele. Ndiyo sababu vichaka vya Shimba Hills vilikatwa kwa matani. Wakusanyaji waliporudi miaka michache baadaye kutafuta zaidi, mimea ilikuwa haijachipuka ya kutosha.

Marehemu Profesa Calestous Juma, mwanazuoni Mkenya, alilizungumzia jambo hili katika kitabu chake The Gene Hunters cha mwaka 1989. Alieleza kuwa Wadigo waishio katika eneo hilo walikuwa wameutumia mmea huo kwa miaka mingi kutibu maradhi ya aina ya saratani. Wageni walikuja, wakakata, wakapakia, wakaenda zao. Wadigo hawakupata shukrani wala malipo kwa ujuzi wao.

Je, mmea huo uliponya? Hapa ndipo hadithi inapomtaka msomaji awe na subira. Katika maabara, maytansini ilionyesha uwezo wa kustaajabisha. Huzuia seli isigawanyike, na nguvu zake za kuua seli za saratani zilizidi zile za dawa nyingi za wakati huo kwa mamia ya mara. Lakini ilipojaribiwa kwa binadamu, haikubagua seli mbaya na seli njema. Wagonjwa waliteseka kwa kutapika, kuharisha na madhara ya neva, ilhali uvimbe wao haukupungua kwa kiasi cha kuridhisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 majaribio yakaachwa. Tani zile za Shimba Hills zikaonekana kama zilizokatwa bure.

Hata hivyo, dawa iliyokataliwa haikutupwa. Wanasayansi waliendelea kuitafakari sumu ile, na hatimaye wakapata njia ya kuituma mahali panapostahili. Waliibadilisha kidogo, kisha wakaifunga kwenye kingamwili inayoitambua protini iitwayo HER2, ambayo hupatikana kwa wingi katika seli za baadhi ya saratani za matiti. Kingamwili huitafuta seli hiyo na kuingia ndani yake, na sumu hufunguliwa humo humo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012 na kuhusisha wagonjwa 991 ambao ugonjwa wao ulikuwa umeenea, waliopewa dawa hii waliishi kwa wastani wa miezi 30.9, ikilinganishwa na miezi 25.1 kwa wale waliopewa matibabu mengine. Mnamo Februari 2013 Marekani iliiidhinisha kwa jina la Kadcyla. Leo kiini cha dawa hiyo hakichumwi msituni tena. Hutokana na kemikali ya jamii hiyo inayozalishwa na bakteria wanaokuzwa viwandani.

Kisa hiki kinazikosoa kambi mbili ambazo zimezoea kushindana. Kambi ya kwanza ni ya wasomi wanaokunja uso kila neno mitishamba linapotajwa, wakidhani kwamba kila kilichomo katika mkoba wa mganga ni ushirikina. Hao wanasahau kwamba vinkristini, dawa inayotumiwa kutibu saratani ya damu kwa watoto, ilitokana na ua la Madagaska ambalo watu wa nchi mbalimbali walikuwa wakilitumia kwa ugonjwa wa kisukari. Wanasahau pia kuwa paklitakseli, dawa nyingine ya saratani, ilitolewa katika gome la mti wa Marekani. Mimea imekwisha kuthibitisha uwezo wake, na kuidharau ni kujinyima.

Kambi ya pili ni ya wale wanaoamini kwamba maadamu jani limetumiwa na mababu, basi halina madhara na linatosha. Kisa cha Shimba Hills kinawajibu pia. Kemikali ile ile iliyozaa dawa ndiyo iliyowatesa wagonjwa wa kwanza. Aidha, tofauti ya dawa na sumu ilikuwa katika kipimo na njia ya kuifikisha, mambo ambayo sufuria ya kuchemshia majani haiwezi kuyapima. Mwaka 2011, maelfu ya watu, wakiwemo Wakenya, walifunga safari hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, nchini Tanzania, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kwa imani kwamba kingeponya magonjwa sugu. Baadhi yao walifia katika foleni. Watu hao hawakuwa wajinga. Walikuwa wamekata tamaa. Lakini saratani haimsubiri anayejaribu. Saratani ya matiti au ya mlango wa kizazi ikigunduliwa mapema ina nafasi kubwa ya kutibika, na kila mwezi mgonjwa anaoupoteza akinywa kitu kisichopimwa huipunguza nafasi hiyo.

Kwa hivyo, jambo linalohitajika ni kupima na kuandika. Hapa ndipo daftari la wahenga linapohitajika. Mwaka 1995 Marekani ilitoa hataza kwa matumizi ya manjano katika kutibu vidonda, kana kwamba lilikuwa jambo jipya. India ilipinga, ikaleta maandishi ya kale kuonyesha kwamba wazee wake waliyajua hayo zamani, na mwaka 1997 hataza hiyo ikafutwa. India ilishinda kwa sababu ilikuwa na maandishi ya kuonyesha. Wadigo walikuwa na ujuzi, lakini ulihifadhiwa vinywani, na kinywa cha mzee wa Kwale hakikuwa na uzito mbele ya wenye maabara.

Sheria sasa zipo. Mkataba wa Bayoanuwai wa 1992 ulitambua haki ya mataifa juu ya mimea yao, na Itifaki ya Nagoya ya 2010, iliyoanza kutumika mwaka 2014, iliweka masharti ya kugawana faida na jamii zenye ujuzi. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2016 kuhusu ulinzi wa maarifa ya jadi inazitaka serikali za kaunti kusajili maarifa ya jamii zilizo katika maeneo yao. Ila sheria haijazi kurasa. Lazima pawepo watu wa kwenda vijijini, kuketi na wazee, kusikiliza na kuandika.

Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mwanakemia peke yake. Kabla ya mmea kufika maabara, huwa kwanza ni neno. Mganga anaposema donda ndugu, je, anakusudia saratani ya ngozi, au kidonda kilichooza kwa sababu ya kisukari? Anaposema uvimbe, ni uvimbe upi? Neno saratani lenyewe lilitoka katika Kiarabu, ambako lina maana ya kaa, na halikuwa katika msamiati wa mzee wa kaya aliyeutibu ugonjwa huo kwa jina jingine. Mwarobaini uliitwa hivyo kwa kusadikiwa kuwa hutibu maradhi arobaini, lakini jina ni sifa tu, wala si ushahidi. Mtafiti asiyeyapambanua majina atachuma mmea usiofaa kwa ugonjwa usiokuwepo, kisha atangaze kuwa wazee walikosea.

Hapa mwanafunzi wa Kiswahili ana nafasi ambayo wengine hawana. Mwanafunzi atokaye Kwale akijua Chidigo na Kiswahili sanifu anaweza kurekodi jina la mmea, sehemu inayotumika, msimu wa kuuchuma, namna ya kuutayarisha, kipimo chake, dalili za ugonjwa na onyo la mganga mwenyewe. Idara za Kiswahili, za botania na za famasia ziko katika vyuo vile vile, mara nyingine zikitenganishwa na ua mmoja tu, ilhali ni nadra kuonana.

Ni kweli kwamba daftari lililoachwa wazi huweza kuibiwa. Wapo wazee wanaonyamaza kwa hofu hiyo, na hofu yao ina msingi. Kwa sababu hiyo, kurekodi kusigeuzwe kuwa kuanika. Ridhaa ya jamii itangulie, jina la aliyetoa ujuzi liandikwe kwa idhini yake, na kilicho siri kibaki chini ya ulinzi wa wenyewe. Misitu ya kaya za Mijikenda, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008, imehifadhiwa kwa miiko ya wazee. Watu waliojua kuutunza msitu hawahitaji kufundishwa thamani yake; wanahitaji kuheshimiwa wanapoieleza.

Mti wa Shimba Hills ulikuwa na uwezo, na uwezo huo ulichukua miongo minne kufika kwa mgonjwa, ukiwa umebeba jina la kampuni badala ya jina la kijiji. Huenda mti mwingine umesimama sasa hivi katika kichaka cha Taita, Kitui au Kakamega, na ajuzaye siri yake ni bibi kizee ambaye hajawahi kuulizwa. Vyuo vikuu na vimtume mwanafunzi kwake, akiwa na kalamu, adabu na subira. Na mgonjwa wa saratani aende hospitali leo, wakati daftari linaandikwa.