Damu kwenye mkojo si kichocho tu

Mtu anapokojoa damu katika vijiji vya Kwale au kandokando ya Mto Tana, neno la kwanza kutajwa ni kichocho. Mara nyingi ni kweli. Lakini kichocho cha kibofu kisipotibiwa kwa miaka mingi huweza kuzaa saratani; Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilithibitisha hivyo mnamo 1994.

Swali linalomkabili daktari ni moja: je, uvimbe uko juu juu, au umekwisha kupenya hadi kwenye misuli ya kibofu? Ukiwa juu juu, hukwanguliwa na mgonjwa akatiwa dawa kibofuni. Ukiwa umefika kwenye misuli, huenda ikambidi apewe dawa kali, apigwe miale au aondolewe kibofu chote, na kila juma lipitalo lina thamani.

Kwa miaka mingi jibu limetafutwa kwa kukwangua uvimbe na kuupima. Njia hiyo hukawia, na pengine kipande kilichotolewa hakina msuli ndani yake. Mashine ya MRI, itumiayo sumaku, huonyesha msuli huo kama mstari mweusi. Uvimbe ukiukata, hatari hujulikana mapema. Tangu 2018 wataalamu wana kipimo cha VI-RADS, chenye alama 1 hadi 5, cha kukadiria hatari hiyo. Katika jaribio la BladderPath nchini Uingereza, wagonjwa ambao misuli yao ilikuwa imevamiwa walianza tiba ifaayo kwa wastani wa siku 53 walipotanguliziwa MRI, badala ya 98.

Wapo watakaosema hizo ni anasa za Ulaya. Nakiri kwamba picha haichukui nafasi ya kipimo cha nyama, na kwamba saratani ya kichocho si ile iliyozoeleka Uingereza. Basi na wataalamu wetu waifanyie utafiti hapa hapa.

Aidha, mashine peke yake haitibu. Baada ya 2015 tuliona vifaa vya kukodi vikipelekwa kaunti na baadhi vikalala bila wataalamu wala umeme. Naona kwamba la kwanza ni zahanati kumpa rufaa upesi yeyote aliyemaliza dawa ya kichocho na bado anatoka damu. La pili, wasomaji wa picha wafunzwe. La tatu, bima ya umma ilipie kipimo hicho kabla ya kisu. Wahenga walituonya: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ukuta wa kibofu haujengeki upya kwa urahisi.