Maji ya Newala na Darasa la Kuuliza

Mtoto wa Newala huona jambo la ajabu wakati wa mvua. Mvua hunyesha kwa nguvu juu ya uwanda wa Makonde, lakini vijito havionekani; maji hupotea mchangani. Kabla ya miaka ya 1950, maji yalipoanza kupandishwa kwa mashine, bibi zake walishuka mpaka mabondeni, wakapanda tena na mitungi kichwani. Huko Masasi, mvua hupiga majabali makubwa na kuteremka upesi. Kwa nini mvua iliyo moja itende namna mbili?

Mtoto aulizaye hivyo amelifungua somo mwenyewe, na darasa jema ni lile lipokealo swali lake. Mwalimu aweza kumjibu kwa maneno machache, naye mtoto akayakariri na kuyasahau. Afadhali ampe makopo mawili yaliyotobolewa chini, moja la mchanga, moja la udongo wa mfinyanzi, na kumwambia akisie kwanza, kisha amimine maji kadiri ile ile. Ataona mchanga wayameza maji na kuyatoa chini, na udongo wa mfinyanzi wayazuia. Ndipo atakapofahamu ya kuwa maji ya uwandani hushuka mpaka yazuiwapo, kisha hutokea chini ya mteremko, yakawa chemchemi.

Wako watu wasemao ya kuwa mtoto mwenye maswali hana adabu, tena muda ni mfupi na watoto ni wengi. Juu ya muda wasema kweli. Wala si kila jambo lahitaji makopo, maana hesabu za kuzidisha sharti zikaririwe. Lakini mchanga hauna bei, na watoto watano waweza kutumia kopo moja. Na habari ya adabu, wazee walisema, Kuuliza si ujinga. Mfinyanzi wa Kimakonde hamfundishi binti yake amekunja mikono; humpa udongo. Mchonga mpingo vile vile. Je, shule ndiyo iwe mahali pa mikono kulala?

Tena hapa pana jambo kubwa kuliko mtihani. Ajuaye chemchemi yatoka wapi ataelewa kwa nini miti ya mteremko isikatwe ovyo, udongo ukaporomoka na kuifunika. Asiyejua atakata, na mitungi ya watoto wake yaweza kurudi mitupu. Basi, mwanafunzi, uliza kwa heshima, kisha tia mkono kazini.