Mgongo wa Askari Usiharakishiwe Kisu

Kila tarehe 1 Desemba, uvuvi unapofungwa upande wa Zambia katika Ziwa Mweru na Mto Luapula ili samaki wapate kuzaana, kazi ya askari walioko Nchelenge, Kashikishi na Mofwe huwa nzito kuliko miezi mingine. Hadi mwisho wa Februari doria haichagui usiku wala mchana. Boti husukumwa kutoka mchangani hadi majini, kisha hurudishwa. Dumu la petroli la lita 20 hukaribia kilo 15, na injini ya boti ya nguvu za farasi 40 hufikia kilo 70 hivi. Vyote hivyo hubebwa na watu ambao pengine wametoka kukaa saa nyingi juu ya ubao, huku wakipigwapigwa na mawimbi. Ndugu zao wa jeshini nao wana mizigo yao ya mgongoni na malori yao ya barabara za vumbi. Kuinama, kuinua na kutikiswa ni mambo yanayoutesa sana mgongo wa binadamu.

Tunaandika haya kwa sababu kuna imani iliyoenea katika makambi na vituo kwamba askari akiambiwa diski yake imetoka, basi mbele yake ziko njia mbili tu: kufungwa vyuma mgongoni au kuachishwa kazi. Kwa imani hiyo, wako wanaoficha maumivu mpaka mguu unakufa ganzi. Wako pia wanaouza mali ya ukoo ili wasafiri mbali kwenda kupasuliwa. Imani hiyo si sahihi, na hapana budi isahihishwe.

Kwanza tufahamu diski ni kitu gani. Kati ya pingili na pingili za uti wa mgongo kuna kijimto chenye ganda la nyuzi ngumu kwa nje na ute mzito kwa ndani. Ganda likipasuka, ute hujitokeza na kuubana mshipa wa fahamu uendao mguuni. Ndiyo maana maumivu huteremka kutoka kiunoni, yakapita pajani hadi unyayoni. Mara nyingi jambo hili hutokea katika viungo viwili vya mwisho vya kiuno. Wasilolijua wengi ni kwamba mwili wenyewe huutambua ute ule kuwa kitu kigeni, ukaukausha na kuula kidogo kidogo. Tena vipande vikubwa vilivyokatika kabisa mara nyingi ndivyo vinavyonyweka upesi zaidi. Wagonjwa walio wengi hupata nafuu kubwa katika wiki 6 hadi 12 bila ya kukatwa.

Upasuaji wa kuunganisha pingili una historia inayotuhusu sisi Waafrika kuliko tunavyodhani. Mwaka 1911 madaktari Russell Hibbs na Fred Albee wa New York waliuanzisha, na wagonjwa waliowalenga hasa ni wale ambao mifupa yao ya mgongo ililiwa na kifua kikuu. Mambo ya diski yalikuja kueleweka vizuri baadaye, mwaka 1934, Mixter na Barr wa Boston walipoonyesha kwamba diski iliyotoka ndiyo iletayo maumivu ya mguu. Katika kuunganisha, pingili mbili hufungwa kwa mifupa iliyopandikizwa, na siku hizi kwa parafujo na vyuma, mpaka ziwe mfupa mmoja. Upasuaji huo unayo mahali pake: pingili iliyoteleza, mgongo uliovunjika, au diski iliyotoka tena na tena katika mgongo uliolegea. Lakini kwa diski ya kiuno iliyotoka mara ya kwanza, bila ulegevu wa pingili, si dawa ya kawaida. Sehemu iliyofungwa haipindiki tena, na uzito wake huangukia pingili jirani, ambazo nazo huweza kuchakaa. Askari anayetaka kurudi kwenye boti hana budi kulitafakari hilo. (Shingo ina hukumu yake. Huko kuunganisha ni jambo la kawaida zaidi, na sisi tunazungumzia kiuno.)

Basi njia nyingine ni zipi? Ya kwanza ni muda pamoja na mwendo. Zamani mgonjwa aliamriwa kulala chali kwa wiki nzima au zaidi. Uchunguzi uliofanywa Uholanzi na kutangazwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba waliolazwa kitandani kwa maumivu ya mguu yatokanayo na mgongo hawakupona vizuri kuliko walioendelea na shughuli zao kadiri walivyoweza. Dawa za kutuliza, kama ibuprofeni, husaidia kwa siku chache, ila zikimezwa ovyo huchoma tumbo na kuumiza figo. Mazoezi yaelekezwe na mtaalamu wa tiba ya viungo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake kuhusu maumivu ya kiuno ya muda mrefu, lilikubali mazoezi na elimu kwa mgonjwa, likakataa mikanda ya kiuno, kuvutwa kwa mashine, na dawa za jamii ya afyuni. Na yule fundi anayemkanyaga mtu mgongoni mpaka mifupa ilie, tunamshauri askari ampite mbali.

Sindano ya dawa ya kupunguza uvimbe, ichomwayo karibu na mshipa uliobanwa, huweza kumpa mtu nafuu ya majuma kadhaa ili afanye mazoezi. Haiponyeshi diski.

Maumivu yakikataa kabisa kuondoka, bado kisu chenyewe kina daraja. Daktari anaweza kutoa kile kipande kinachobana tu, kupitia tundu dogo, bila parafujo wala vyuma. Hapa wachunguzi wa Uholanzi wametufaa tena. Mwaka 2007 walitangaza matokeo ya wagonjwa 283 waliokuwa na maumivu makali ya mguu kwa wiki 6 hadi 12. Nusu walipangiwa kupasuliwa mapema kwa njia hiyo, nusu wakatakiwa kusubiri kwa matibabu ya kawaida. Waliopasuliwa walipata nafuu upesi zaidi. Lakini ulipotimia mwaka mmoja, asilimia 95 ya kila upande walisema wamepona, na katika wale waliosubiri ni asilimia 39 tu waliolazimika kupasuliwa. Kwa hiyo upasuaji huo mdogo hununua muda, na mwenye maumivu ana haki ya kuununua baada ya kuelezwa hivyo.

Ipo pia diski ya bandia. Mmoja wa waliobuni ile ya Charité huko Berlin ya Mashariki, iliyopandikizwa mara ya kwanza mwaka 1984, ni Karin Büttner-Janz, daktari aliyekuwa ameshinda medali za dhahabu za sarakasi katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Ni habari ya kupendeza, ila diski hiyo imekusudiwa wachache ambao diski zao zimechakaa.

Tahadhari moja kuhusu picha. Eksirei haionyeshi diski, na picha ya MRI inamtaka mtu wa Nchelenge asafiri mbali. Hata akiipata, asiichukue kuwa hukumu. Mwaka 1994 huko Marekani walipigwa picha watu 98 wasio na maumivu yoyote ya mgongo, na zaidi ya nusu walionekana na diski zilizovimba. Picha husomwa pamoja na mguu, hisia na nguvu za mgonjwa.

Yako mambo mawili ambayo hayangoji. Askari akishindwa kukojoa au kujizuia, akafa ganzi sehemu za kukalia, au miguu yote miwili ikalegea, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa doria, kwa kuwa mishipa iliyobanwa hivyo ikichelewa hairudi. Unyayo unaoshindwa kuinuka nao hautaki kusubiri. La pili ni kifua kikuu cha mgongo. Maumivu yanayozidi usiku, homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, au kibiongo kinachoanza kujitokeza si dalili za diski. Katika mabweni ya askari, wanamolala wengi pamoja, jambo hili lisipuuzwe. Uchunguzi uliofanywa Bulawayo na kutangazwa mwaka 1974 ulionyesha kwamba wagonjwa wa namna hiyo waliotibiwa kwa dawa huku wakitembea walipona sawa na wale ambao juu ya dawa walipasuliwa na kusafishwa mfupa. Hospitali ya Misheni ya St Paul's iko hapo hapo ufukoni. Askari aanze huko kabla ya kufikiria Maina Soko, hospitali ya jeshi iliyoko Lusaka, au nchi za ng'ambo.

Sasa tunageuka kwa wakuu wa vituo na makamanda. Wiki 6 hadi 12 za kupona ni dawa inayotolewa na daktari, lakini ufunguo wa kabati lake uko mikononi mwa mkuu wa zamu. Askari aliyepewa cheti cha kazi nyepesi, kisha akachekwa kwenye paredi na kurudishwa kubeba injini, amenyimwa tiba kama aliyenyang'anywa vidonge. Kazi nyepesi zipo: daftari la kituo, simu ya upepo, mapokezi ya wananchi, hesabu ya nyavu zilizokamatwa. Asifungiwe kitini kutwa, aachwe asimame na kutembea. Injini na ibebwe na wawili au zaidi, au kwa mti begani. Kabla ya tarehe 1 Desemba, kila kituo cha ufukoni kiorodheshe walio na vyeti na kuwapangia zamu zao tangu mwanzo, asije mkuu akaanza kutafuta watu wa kusukuma boti saa nane za usiku na kumwona mgonjwa ndiye aliye karibu.